Kasomeno au Kasenga? Kabla ya kuhamia bandarini, jua shamba unaloacha liko mikononi mwa nani

Vijana wa Kasomeno wana swali ambalo wazazi wao waliwahi kujiuliza, na babu zao pia: tubaki hapa kijijini, au tuhamie Kasenga, kwenye bandari ya mto Luapula? Kwa msomaji asiyeijua sehemu hii, Kasomeno iko katika teritware ya Kasenga, jimbo la Haut-Katanga, zaidi ya kilomita 130 kutoka Lubumbashi. Ni njia panda. Ukitoka Lubumbashi ukafika hapo, barabara moja inaendelea kaskazini kuelekea Pweto na ziwa Mweru, na nyingine inakata mashariki kwenda Kasenga. Ukisimama ukingoni pale Kasenga, ng'ambo unayoiona ni Zambia.

Swali ni la zamani, lakini sasa limepata uzito mpya, kwa sababu jina la Kasomeno limeingia katika mradi mkubwa wa nchi mbili: barabara ya kulipia kutoka Kasomeno hadi Mwenda, Zambia. Kwa mujibu wa mpango uliotangazwa, barabara hiyo ina urefu wa kilomita 184 kwa pande zote mbili. Inapita Kasenga na Chalwe, inavuka Luapula kwa daraja la mita 345, kisha inaingia Zambia kupitia Kabila. Gharama iliyotajwa ni dola milioni 580. Mradi uko mikononi mwa kampuni ya GED Africa, na ujenzi umekabidhiwa Duna Aszfalt ya Hungaria. Faida inayotangazwa zaidi ni kwamba malori yanayotoka Katanga kwenda bandari ya Dar es Salaam yatapunguza safari kwa takriban kilomita 240, na foleni ya Kasumbalesa itapungua.

Hapo ndipo ninaposema kwamba swali la vijana wetu linahitaji kuulizwa upya. Watu wanalinganisha kijiji kimya na bandari yenye shughuli kana kwamba vyote viwili vitabaki kama vilivyo leo. Havitabaki. Barabara ikikamilika, ukimya wa Kasomeno utaondoka hata kama hakuna mtu aliyehama, na Kasenga inaweza kupoteza sehemu ya kazi zinazowavuta watu leo. Kitakachopanda thamani pande zote mbili ni ardhi. Kwa hiyo familia inayofikiria kuhama isianze na nauli wala chumba cha kupanga. Ianze kwa kuhakikisha kwamba shamba na kiwanja inachoacha kina mpaka unaojulikana, mashahidi na karatasi.

Bandari ina sababu zake

Nisieleweke kwamba nawalaumu wanaokwenda Kasenga. Wana sababu nzuri. Kasenga ndiyo makao makuu ya teritware. Ofisi ya msimamizi wa teritware iko huko, hospitali kuu ya zoni ya afya iko huko, na mzazi akitaka shule ya sekondari yenye sehemu kadhaa za masomo, huko ndiko atakakotazama kwanza. Serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma kuanzia Septemba 2019, lakini mtoto akimaliza shule ya msingi mzigo unarudi kwa mzazi. Mzigo huo ni mwepesi kidogo mtoto akilala nyumbani kwake kuliko akipangishiwa chumba mbali na kijiji.

Pesa nayo inazunguka kwa kasi tofauti. Kijijini mkulima wa mahindi au mihogo anaiona pesa mara moja au mbili kwa mwaka, wakati wa mavuno. Bandarini mtu anaweza kupata kitu leo na kula leo: kupakua samaki, kubeba mizigo ya wavukaji, kuendesha pikipiki, kuuza bukari na samaki kwa wanaosubiri mtumbwi, kufungua kibanda cha kutuma na kupokea pesa kwa simu. Kwa kijana wa miaka 22 mwenye mke na mtoto, tofauti kati ya pesa ya kila siku na pesa ya mavuno si ya kuichekea.

Kuna pia jambo la undugu. Luapula ni mpaka kwenye ramani tu. Mpaka huu ulichorwa na Uingereza na mfalme Leopold katika mapatano ya mwaka 1894, wakati watu wa kingo zote mbili walikuwa tayari wanaoana, wanafanya biashara na wanafuata watawala walewale. Hadi leo Kibemba kinasikika huku na kule, na si ajabu mtu wa Kasenga kuwa na shangazi Zambia. Anayehamia bandarini mara nyingi anakwenda karibu na ukoo wake, na mahali penye ukoo ugeni hauumi sana.

Kijiji nacho kina hesabu yake

Lakini hesabu ya kijiji haipaswi kudharauliwa, maana mara nyingi tunaifanya kwa macho ya mtu wa mjini. Tunahesabu kisichokuwepo, kama umeme, mtandao na benki, halafu tunasahau kuhesabu kilichopo.

Kasomeno mtu ana shamba. Mwaka ambao bei ya unga inapanda Lubumbashi, na huwa inapanda kila Zambia inapozuia mahindi yake kutoka nje, mwenye shamba la mahindi na mihogo anakula. Kuni hanunui. Sombe anachuma nyuma ya nyumba. Kodi ya nyumba haijui. Mtu huyohuyo akihamia bandarini, kila kimoja kati ya hivyo kinageuka kuwa cha kununua. Pesa ya kila siku inaingia, na kila siku inatoka.

Afya nayo ina pande mbili. Hospitali iko karibu zaidi ukiwa Kasenga, hilo ni kweli. Lakini zoni za afya za ukanda wa Luapula na Mweru, Kasenga yenyewe, Kashobwe na Kilwa, zimezoeleka katika taarifa za kipindupindu. Ugonjwa huu unapenda mahali penye watu wengi, maji ya mto na vyoo vichache. Wavuvi wanaohama kutoka kambi hadi kambi wanausafirisha bila kujua, na ng'ambo ya Zambia nako hali ni hiyohiyo. Mama anayehamia bandarini na watoto wadogo anapaswa kuuliza habari za maji kabla ya kuuliza habari za soko.

Halafu kuna suala la uvuvi wenyewe. Kila mwaka Zambia hufunga uvuvi katika maji haya kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Mto ni mmoja, hivyo hata anayevua kutoka ukingo wa Kongo anauhisi msimu huo, sokoni au mikononi mwa walinzi wa upande wa pili. Miezi hiyo ndiyo miezi ya mvua, wakati barabara zinaharibika na bidhaa kupanda. Kijana aliyeuza shamba ili anunue mtumbwi na nyavu anajikuta miezi mitatu hana mto wala shamba.

Bandari ilishawahi kutajirika

Kasenga haikuanza kuvuta watu jana. Mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910, na migodi ya Union Minière ilihitaji chakula cha maelfu ya wafanyakazi. Luapula na Mweru zilikuwa na samaki. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliliona soko hilo, wakaweka makao Kasenga, wakaleta boti na barafu, wakawa wanasafirisha samaki kwenda mjini kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi. Kwa miongo kadhaa bandari ndogo ya mtoni ilikuwa mahali pa pesa. Watu walitoka vijijini pande zote mbili za mto kwenda kuvua, kukausha, kubeba na kuuza.

Samaki aliyebeba utajiri huo alikuwa mpumbu. Mvua zinapoanza, mpumbu alikuwa anapanda kutoka ziwani kwenda juu ya mto kutaga mayai, akipita kwa makundi makubwa. Wavuvi walimngojea hapohapo njiani, akiwa amebeba mayai, kwa sababu ndipo alipokuwa rahisi kunaswa na soko lilimtaka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mpumbu alikuwa amekwisha kiasi kwamba uvuvi wake uliporomoka, na haukurudi tena kuwa kama zamani. Uvuvi ukahamia kwa samaki wengine, na baadaye sana kwa chisense, wale samaki wadogo wanaokaushwa juani na kuuzwa kwa kopo.

Naikumbusha historia hii kwa sababu ina somo kwa anayechagua leo. Utajiri wa bandari uliletwa na soko la mbali, ukaendeshwa na watu wenye mitaji, ukaisha kitu kilichouzwa kilipoisha. Wenye boti na barafu waliweza kupeleka mitaji yao kwenye biashara nyingine. Mvuvi aliyekuwa na shamba la kurudia alirudi kulima. Aliyekuwa hana alibaki ukingoni.

Daraja litabadilisha nini

Sasa tutazame mbele. Wengi wanadhani barabara na daraja vitaifanya Kasenga kuwa bandari kubwa zaidi. Inawezekana. Samaki atafika Lubumbashi upesi zaidi, akiwa hajaoza, na hilo ni jema kwa mvuvi na kwa mlaji. Wageni wataongezeka. Lakini tufikirie jinsi barabara ya aina hii inavyofanya kazi. Lori la shaba linaloelekea Dar es Salaam halina haja ya kusimama Kasenga. Litapita, litafika kituo cha pamoja cha mpaka, litavuka kwa dakika chache na kuendelea. Kazi nyingi za bandari ya mtoni zinaishi kwa sababu ya kusubiri: watu wanasubiri mtumbwi, mizigo inasubiri kuvushwa, na anayesubiri anakula, analala, anaongeza salio la simu. Daraja linaondoa kusubiri. Hiyo ndiyo faida yake kwa nchi, na hiyohiyo ndiyo hasara yake kwa mama anayeuza chakula gatini.

Kasomeno, kwa upande wake, itakuwa mahali ambapo barabara mpya inaanzia. Lori linalotoka Lubumbashi litafika hapo kabla ya kuingia barabara ya kulipia, na linalotoka Zambia litafika hapo likiwa limetembea kilomita 184. Yeyote aliyesafiri na madereva wa malori anajua kitakachofuata: kituo cha mafuta, gereji ya matairi, nyumba za kulala wageni, maegesho, baa, maduka ya jumla. Vyote hivi vinahitaji ardhi iliyo kando ya barabara. Ardhi hiyo leo ina mihogo, miembe na makaburi ya wazee.

Mwenye fedha mjini ameshapiga hesabu hii. Hahitaji kusubiri lami. Anahitaji tu kijana anayetaka kuhamia Kasenga haraka, asiye na karatasi, atakayefurahia kupewa bei ya pikipiki kwa shamba la babu yake.

Tusiseme pia kwamba barabara hii ni ya matajiri tu na haina maana kwa wananchi. Ina maana kubwa. Agosti 2024 Zambia ilifunga kwa muda mipaka yake ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania baada ya Kongo kuzuia uingizaji wa bia na vinywaji baridi. Siku hizo chache zilitosha kuonyesha jimbo linavyotegemea mlango mmoja mkubwa. Njia ya pili ni jambo la kutamaniwa. Ninachouliza ni nani atakuwa amesimama kando ya njia hiyo itakapofunguliwa, na amesimama kwenye ardhi ya nani.

Sheria na pengo lake

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo familia nyingi za kijijini hazikuwahi kuelezwa vizuri. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilitamka kwamba udongo wote wa Kongo ni mali ya dola. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha usajili, kile wengi wanachokiita sertifika. Kuhusu ardhi ambayo jamii za vijijini zinaikalia na kuilima kwa desturi, sheria ilisema haki zao zitawekewa kanuni kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Zaidi ya miaka hamsini ilipita bila amri hiyo kutolewa.

Matokeo yake ni kwamba mkulima wa Kasomeno ana haki ambayo chifu anaijua, majirani wanaijua, hata mti wa mpakani unaijua, lakini ofisi ya ardhi haina pa kuiona. Siku akija mtu na cheti kilichotolewa mjini juu ya ardhi hiyohiyo, ugomvi unakuwa kati ya kumbukumbu ya wazee na karatasi yenye muhuri. Tunajua ni kipi hakimu anaanza kukisoma.

Hata hivyo sheria haikumwacha mwanakijiji mikono mitupu. Ardhi ya vijijini isiyopimwa haiwezi kutolewa kwa mtu kabla ya uchunguzi wa awali, ambao shabaha yake ni kujua kama kuna watu wenye haki juu yake. Maombi yanapaswa kutangazwa, na wenye madai wasikilizwe. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 34, inasema mali ya mtu inalindwa hata kama imepatikana kwa desturi, na kwamba hakuna kunyang'anywa isipokuwa kwa manufaa ya umma, kwa fidia ya haki inayolipwa kabla. Neno hilo "kabla" ni muhimu. Familia ikiambiwa itoke shambani kupisha barabara na fidia itakuja baadaye, inayo Katiba ya kuinua mkono nayo.

Lakini fidia inalipwa kwa mtu anayeonekana. Kijana aliyehama miaka miwili iliyopita, shamba limeota nyasi, mpaka haukumbukwi ila na mzee mmoja mgonjwa, huyo haonekani. Anayeonekana ni aliyeko, au aliyeandikwa.

Lamu walifanyaje

Tuna mfano katika pwani ya Kenya unaostahili kutazamwa, hata kama huko ni bahari na kwetu ni mto. Lamu ilikuwa sehemu ya utulivu, visiwa vya wavuvi na mikoko, ilipochaguliwa kuwa bandari kubwa ya mradi wa LAPSSET wa kuunganisha Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini. Wavuvi wa Lamu hawakuulizwa kama wanataka kijiji au bandari. Bandari iliwafuata walipo. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021.

Wavuvi hao hawakuwa na hati ya bahari. Walichokuwa nacho ni kuwepo kwao, kujipanga kwao na uwezo wa kuonyesha mahakamani wapi walivua na nini wanapoteza. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Uamuzi haukumaliza mambo, kwani safari ya kutoka hukumu hadi malipo ilikuwa na mabishano yake, lakini walikuwa na hukumu ya kushika.

Kilichowasaidia ni kwamba walijipanga mapema, wakati ujenzi haujawaondoa. Kama wangekuwa wametawanyika kila mmoja na biashara yake mjini, nani angehesabu hao 4,600?

Nini kifanyike sasa

Najua jibu ambalo mtu wa Kasomeno atanipa. Sertifika ni ghali, ofisi iko mbali, na karani akikuona umetoka kijijini anaongeza bei. Ni kweli. Ndiyo maana nasema tuanze na hatua ambazo familia inaziweza yenyewe.

Ya kwanza ni kutembea mpaka. Familia, majirani wa pande zote na chifu au mwakilishi wake watembee kuzunguka shamba siku moja, wakubaliane miti, mito na mawe ya mpakani, waandike kwenye karatasi, kila mmoja atie sahihi au dole gumba. Nakala ibaki kwa chifu, nyingine kwa familia, nyingine kwa ndugu aliyeko mjini. Simu ya kawaida yenye ramani inaweza kuonyesha namba za mahali kwenye kila pembe. Karatasi hiyo haina nguvu ya sertifika, lakini siku ya uchunguzi au ya fidia ina nguvu kuliko maneno matupu.

Ya pili ni kuandika majina ya wanawake. Mara nyingi baba ndiye anayetangulia bandarini kutafuta, mama anabaki na shamba. Yeye ndiye atakayekutwa nyumbani mgeni akija na daftari lake. Sheria ya Julai 2016 iliyorekebisha kanuni ya familia iliondoa lile sharti la mke kupata ruhusa ya mume ili aingie katika mambo ya kisheria. Kwa nini basi karatasi ya shamba iandikwe jina moja tu la mtu aliye mbali?

Ya tatu ni ya pamoja. Tangu amri ya Agosti 2014, jamii ya kijiji inaweza kuomba msitu wake wa kimila uwe makubaliano ya msitu ya jamii, bila malipo na bila mwisho wa muda, hadi hekta 50,000. Misitu ya miombo inayozunguka Lubumbashi imekatwa kwa ajili ya makala, na wachoma makala wanasogea mbali zaidi kila mwaka wakifuata barabara. Barabara nzuri itawafikisha kwetu upesi. Kijiji chenye msitu ulioandikwa kinaweza kuweka masharti. Kisicho nao kitabaki na visiki na majivu.

Kwa machifu nina ombi moja. Mzee anayeuza kando ya barabara ardhi ya watu waliohama, akisema imerudi mikononi mwa chifu kwa sababu mwenyewe hayupo, anavunja desturi ileile inayompa kiti. Kuhama kwenda kutafuta maisha hakujawahi kumfuta mtu katika ukoo wake.

Kwa serikali ya jimbo na kwa kampuni yenye mradi, wakaaji wanahitaji mambo yanayoeleweka: ramani ya upana wa barabara ibandikwe Kasomeno, Kasenga na Chalwe kwa Kiswahili na Kibemba, orodha ya wanaostahili fidia isomwe hadharani kabla mashine haijaingia, na ofisi ya ardhi itume watu wake kijijini kwa muda, badala ya kila mkulima kulipa nauli kuwafuata. Pia wakaaji waelezwe mapema watalipa kiasi gani wao wenyewe kutumia barabara hiyo na pikipiki zao. Ingekuwa jambo la kusikitisha kama barabara inayoanzia Kasomeno ingekuwa ghali kwa mtu wa Kasomeno.

Basi, twende au tubaki?

Wapo watakaosema kijana hawezi kusubiri karatasi, maisha yanapita. Sikubaliani kwamba lazima achague moja. Desturi ya watu wa Luapula tangu zamani imekuwa kuishi mguu mmoja mtoni na mwingine shambani: kuvua wakati wa kuvua, kulima mvua inapoanza. Msimu wa kufungwa uvuvi na msimu wa kulima hukutana karibu kabisa, kana kwamba mto wenyewe unamrudisha mtu nyumbani. Anayehamia Kasenga huku amebakisha shamba lililoandikwa Kasomeno anafuata utaratibu huo wa wazee. Anayehama baada ya kuuza anauvunja.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana anayeuliza ni hili. Kama una mtoto wa sekondari, kama una ufundi unaotakiwa bandarini, kama una ndugu wa kukupokea, nenda Kasenga bila hofu. Kodi chumba, usinunue haraka. Ngoja uone daraja litapeleka biashara wapi. Lakini kabla hujapanda pikipiki, zunguka shamba la baba yako pamoja na majirani na chifu, andikeni, tieni sahihi. Na kama umeamua kubaki, fanya vilevile, kwa sababu safari hii mji ndio unaokuja kwako, na utakapofika utauliza kwanza nani mwenye shamba hili.

Uwe na jibu lililoandikwa.